Wiki Mbili Nilizozifanya Miezi Minne

Nina pafu moja. La kulia lilitolewa Dar es Salaam, na bega la upande ule limeshuka kidogo, kiasi kwamba fundi cherehani wa Mbinga akinipima koti huniomba nisimame wima, nami namwambia ndiyo nimesimama. Nikipanda kilima cha kanisani kwetu Maguu napumzika mara tatu. Vijana wananipita wakiniamkia shikamoo, na kwa kuwa pumzi ya kuitikia sina, nainua mkono. Wamenizoea.

Sista anayehudumia zahanati yetu ndiye aliyeniomba niandike. Anasema wapo watu wanaopewa habari kama niliyopewa mimi, wanarudi nayo nyumbani na kukaa nayo. Alitaka nieleze nilivyopona. Nitaeleza, lakini kupona kwangu kulifanywa zaidi na watu wengine. Kuchelewa nilikufanya mwenyewe, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wanafunzi wangu wa zamani wakikutana hawazungumzii hesabu nilizowafundisha, wanazungumzia jinsi aliyefika baada ya kengele alivyonikuta nimesimama njiani na fimbo. Chini ya nyumba nilikuwa na shamba la kahawa kama kila mtu. Na nilikuwa navuta sigara tangu chuo cha ualimu. Miaka ile ya soko huria maduka ya Mbinga yalijaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na sigara za kila aina zikiwemo, nami sikuzionea haya.

Kikohozi kilianza na baridi ya mwezi wa sita. Kwetu milimani baridi ile hukohoza watu wengi, sikujali. Kufikia mwezi wa saba suruali zilikuwa zinanivuka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na niseme ukweli, sikuogopa kufa. Niliogopa watu. Miaka ile mtu akikonda na kukohoa hakuulizwa anaumwa nini. Watu walishusha sauti tu alipopita. Kanisani, wakati wa kupeana amani, walionizunguka walianza kunipa ncha za vidole. Mke wangu Leokadia alirudi kisimani siku moja akatua ndoo, akaingia ndani na kufunga mlango, nikajua ameambiwa kuhusu safari zangu za semina Songea.

Nikaenda Mbinga kupigwa picha ya kifua. Ilionyesha kivuli juu ya pafu la kulia. Makohozi yalipimwa mara tatu yasionekane kitu, lakini kwa kivuli kile na kukonda kule wakaona ni afadhali nianze dawa za kifua kikuu. Siwalaumu, vivuli hufanana. Mimi mwenyewe nilifurahi karibu nicheze. Kifua kikuu kilikuwa na jina la kutajika mbele za watu, na kilikuwa na dawa. Muuguzi akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine anayekohoa. Nikasema yupo, mdogo wangu.

Longino ndiye ndugu yangu pekee wa tumbo moja. Mwaka ule alikuwa akichoma matofali, na moshi wa tanuri ulikuwa umemkausha koo. Sigara hajawahi kuigusa.

Inabidi nieleze sengu kwa asiye Mmatengo. Wanaume wa ukoo hukutana kwenye nyumba ya mkubwa wao, kila mke akileta chakula kutoka jikoni kwake, wakala pamoja na kuzungumza mambo yao. Koo nyingi zilikuwa zimeshaacha wakati ule, yetu ilikuwa bado, na mkubwa nilikuwa mimi. Linalosemwa kwenye sengu halirudiwi nyuma kirahisi. Kila mtu anaondoka nalo kwenda nyumbani kwake.

Jioni ile nilisubiri mpaka watu waliponawa mikono. Nikawaambia nimepimwa, nina kifua kikuu, na kwamba ugonjwa huu mtu hajiletei, anaupata kwa anayekohoa karibu naye. Kisha nikamtazama Longino. Sikumtaja jina. Sikuhitaji, kwa sababu alikuwa anakohoa hapohapo.

Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilihitaji ugonjwa wangu uwe umetoka mahali, mahali penye heshima, ili watu waache kutafuta mahali pengine. Nilimtoa mdogo wangu ili mimi nisafike.

Longino alikwenda kupimwa wiki ileile akarudi na karatasi kuwa hana kitu. Aliileta kwenye sengu akaiweka mbele yangu. Nikaisoma, nikasema hata yangu makohozi hayakuonekana kitu, na bado naumwa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, maana mwalimu ndiye aliyesema. Ikaamuliwa ale kwake yeye na watoto wake kwa muda.

Huo muda haukuisha. Kwetu mtu hachimbi peke yake yale mashimo ya ngolo kwenye miteremko. Anapika pombe, majirani wanakuja kumlimia, kesho naye anakwenda kwao. Mke wake, Agnes, alipika pombe na hakuna aliyekuja kuinywa. Shamba lao likabaki na nyasi wakati yetu yote yanapandwa. Darasani watoto walikataa kukaa dawati moja na binti yao mkubwa, Oresta, aliyekuwa darasa la sita. Walikuja kwangu kulalamika. Nikamhamishia dawati lililokuwa peke yake karibu na mlango, nikamwambia pale ana hewa nzuri. Alikuwa mtoto mwenye akili. Aliinua dawati mwenyewe akalibeba.

Kabla ya Krismasi walihama. Agnes ni Mnyasa wa pwani ya ziwa, upande wa Liuli, wakaenda kwa wazazi wake. Oresta nilikuwa nimeshamwandika kwenye orodha ya watakaofanya mtihani wa darasa la saba, na shule ya kule ziwani ikasema darasa hilo haipokei mgeni. Longino alinitumia ujumbe kuniarifu. Nikajibu kuwa jina lake lipo kwetu, akitaka arudi. Nilijua hawezi kurudi kukaa mlangoni.

Dawa nilizimeza zote mpaka mwezi wa tatu. Mwili haukurudi. Siku moja nikiwa ubaoni nilikohoa kwenye leso nikaona uzi wa damu. Nikaikunja, nikamalizia swali la sehemu, nikawapa watoto zoezi. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Nilipewa rufaa, na mwezi wa nne mimi na Leokadia tulikuwa kwenye mabenchi ya hospitali kubwa Dar es Salaam, tukiwa na majaketi yetu ya Mbinga mapajani katika joto lile.

Watu wanaoogopa kipimo cha mpira niwaambie hakiui. Wanakupulizia dawa kooni ganzi ikushike, wanakuteremshia mpira wenye taa mpaka kifuani, unatamani kutapika na huwezi, machozi yanakutoka, kisha kimekwisha. Wanachukua kinyama kidogo. Siku za kungoja majibu ndizo mbaya. Kwenye benchi letu alikuwepo bwana mmoja wa Lindi aliyekuwa na tabia ya kumenya chungwa na kuligawa bila kuuliza nani anataka. Nilikula machungwa yake siku nne na sikumuuliza jina.

Majibu yalitoka asubuhi. Leokadia alikuwa ametoka kutafuta chai. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniambia ni saratani ya pafu. Akaniambia pia kwamba iko sehemu ya juu, bado inakatika, na kwamba angeondoa kipande tu cha pafu na kuniachia kilichobaki. Wodi ilikuwa imejaa. Alikuwa ameniandikia nafasi, nirudi baada ya wiki mbili nikiwa na ndugu wa kutia saini na watu wawili wa kutoa damu. Akanipa barua. Akasema nisizidishe. Nikamwitikia vizuri, kama wanafunzi walivyokuwa wakiniitikia mimi.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikarudi. Nikamuuliza kile kifua kikuu kimepona au bado. Akafungua faili, akaziinua picha zangu mbili dirishani, ya Mbinga na ya pale. Akasema kwa anavyoona, kifua kikuu sikuwahi kuwa nacho. Kivuli kilikuwa hiki tangu mwanzo.

Leokadia alirudi na chai na maandazi. Nikamweleza habari ya saratani, habari ya upasuaji, habari ya saini na damu. Hili la mwisho sikumwambia.

Basi lilitembea siku nzima kutoka Dar hadi Songea, na njia nzima nilikuwa nimeishika barua ile ndani ya koti. Kabla ya Njombe Leokadia alisema jambo ambalo alikuwa amelifikiria tangu Chalinze. Alisema yeye peke yake hatatia saini. "Nikitia saini mimi ukafia mezani, nitarudije Maguu? Wataniuliza nani aliruhusu akatwe, na ndugu yake alikuwa wapi." Alikuwa na haki. Wazee nao tulipowaeleza walisema hivyohivyo, kifua cha mtu hakifunguliwi bila wa tumbo moja kujua. Wakaniambia nishuke ziwani nikamchukue Longino, yamepita yale, na kwa vile nimetibiwa kifua kikuu nikapona, hata yeye huenda amepona.

Huyo ndiye niliyepaswa kumfuata ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nashindwa hata kumwandikia. Ningemwambia nini? Nikimwomba saini bila kumwambia ninalolijua, ni uhuni. Nikimwambia, basi niliyasema yote yale kwa uongo, na mwalimu mkuu atasimama kwenye sengu na kuwaambia watu wazima kwamba alimfukuza ndugu yake kwa ugonjwa usiokuwepo, wakati sigara imo mfukoni mwake mwenyewe.

Kwa hiyo nikatafuta sababu. Mwezi wa nne barabara ilikuwa na tope, malori yamelala njiani, kila mtu aliona. Mwezi wa tano nilisema siwezi kuliacha darasa la saba. Mwezi wa sita kahawa ilianza kuiva, na wanunuzi binafsi walikuwa wanaingia mpaka mashambani na mizani zao, nikasema lazima mwenye shamba awepo. Niliisimamia ile kahawa nikiwa nimekaa kwenye gunia, maana kusimama kulinishinda. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hiyo ndiyo hatari yake. Ukiwa na barua kama ile nyumbani na unajikuta una sababu nzuri, ichunguze vizuri uone imeketi juu ya nini.

Mwezi wa saba Leokadia alinifungia nguo kwenye mkoba akanipandisha lori la kushuka ziwani. Nilifika Mbamba Bay mchana. Kutoka pale kwenda kwao Longino ni mwendo wa kukamilisha siku ileile. Nilikaa kwenye mgahawa nikitazama maji. Nilivuta sigara mbili. Niliomba chumba nikalala, asubuhi nikanunua usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, nikapanda lori lilelile kurudi. Nyumbani nikasema Longino sikumkuta, amekwenda kuvua upande wa Malawi, nimeacha ujumbe. Leokadia aliukaanga ule usipa. Tukaula.

Mwili wangu haukuwa na subira niliyokuwa nayo mimi. Sauti ilianza kukwaruza. Nikawa naandika ubaoni badala ya kusema. Bega la kulia lilikuwa linauma hata nikigeuza shuka. Mwishoni mwa mwezi wa nane nilitema damu ya kujaza kiganja nikiwa uani, na Leokadia alikuwa amesimama hapo. Hakupiga kelele. Alininawisha, akaniweka kitandani, akavaa viatu vyake vya kanisani. Aliniambia anakwenda mwenyewe kumtafuta huyo mvuvi wa Malawi.

Alikaa siku mbili. Alirudi na Longino, na Longino alikuwa na begi lililokwisha fungwa. Ziwani aliambiwa kila kitu isipokuwa lile ambalo hata Leokadia hakulijua. Leokadia naye kule aliambiwa kwamba shemeji yake hajawahi kuvua samaki hata mmoja maishani, anafyatua matofali ya misheni, na mwezi wa saba mzima alikuwepo. Alinitazama tu mara moja akaenda kupika.

Longino aliingia chumbani akanisalimia. Hakuwa amebadilika sana, jua la ziwani tu lilikuwa limemkoza. Akaomba aione barua. Nilikuwa nimeiweka ndani ya kitabu cha mahudhurio, nikamwonyesha kabati. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia juu penye tarehe.

"Kaka," alisema, "hii imeandikwa wiki mbili."

Nikamwambia kulikuwa na tope.

Kesho yake tukaondoka watatu. Sikumwambia Mbinga, sikumwambia Songea, sikumwambia njiani aliponishika kwapani kila basi liliposimama watu wachimbe dawa. Nilikuwa najiambia nitamwambia tukifika. Tukafika.

Daktari alikumbuka. Nafasi yangu alishampa mtu mwingine tangu mwezi wa tano, na huyo mtu, alisema, yuko kwao anaendelea vizuri. Akaagiza picha mpya. Tulikaa kwenye benchi mpaka ilipotoka. Aliiinua dirishani kama ile ya kwanza, na safari hii hata mimi niliona bila kuelezwa. Kilikuwa kimeshuka kuelekea katikati. Akasema mwezi wa nne ningetolewa kipande. Sasa ni pafu zima, na hata hilo hatajua kama linawezekana mpaka atakapokuwa amefungua. Angeweza kukuta hakuna la kufanya, akanishona na kunirudisha hivyohivyo. Alisema haya bila ukali. Ningependa angekuwa mkali.

Akasogeza karatasi ya saini. Longino aliichukua kalamu, kisha akasita. Alisema samahani daktari, yeye si msomi, lakini anaogopa kumkata mtu mwenye kifua kikuu. Je, kile kilipona?

Daktari alimtazama Longino, akanitazama mimi. "Nilimweleza Mwalimu hapahapa mwezi wa nne. Hakuwahi kuwa na kifua kikuu. Ilikuwa ni hii saratani tangu mwanzo."

Leokadia aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa naangalia kalamu. Longino hakuniangalia. Aliweka karatasi vizuri mezani, akaandika majina yake matatu polepole, kwa mwandiko niliomfundisha mimi tukiwa wadogo, akauliza damu inatolewa wapi. Yeye na Leokadia wakaondoka kwenda kutoa.

Nimekwishamaliza sehemu ngumu ya ugonjwa, na bado hatujafika kwenye kisu.

Kisu chenyewe sikijui, nililala. Ninachokijua ni kuamka. Kovu limeanzia chini ya titi, limepita kwapani likazunguka mpaka karibu na uti wa mgongo, na siku zile nilihisi kana kwamba nimefungwa gunia kwa kamba nikasahauliwa. Mpira ulitoka ubavuni ukaingia kwenye chupa chini ya kitanda. Kila saa wananikohosha, na kukohoa ndiko kulikuwa adhabu yenyewe. Muuguzi alinifundisha kukumbatia mto kifuani ndipo nikohoe. Nawaambia watakaokatwa, mto huo muuombe mapema. Muuguzi huyohuyo siku ya tano alikuja na wembe akanikata kucha za miguu bila mimi kumwomba, na nililia kuliko nilivyolia kwa maumivu.

Lilikuwa limewezekana. Daktari alisema ilibaki kidogo sana lisiwezekane.

Longino alilala chini ya kitanda changu, kwenye kanga ya Leokadia. Asubuhi ananifuta mwili kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ananigeuza, ananisogeza kidogo kidogo mpaka mlangoni na kurudi. Mikono yake ina ukavu wa tofali. Tulizungumza habari za wodini tu, nani ameruhusiwa, nani amehamishwa. Siku ya kumi au ya kumi na moja nikapata pumzi ya kutosha sentensi moja, nikaanza kumwomba msamaha. Nilisema nilitaka kumwambia tangu mwanzo. Alikuwa akinifunga vifungo vya shati. Alimaliza cha mwisho.

"Mimi daktari ameshaniambia," alisema. "Wanangu nani atawaambia?"

Nikasema nitawaambia mimi.

Sasa mtafikiri nilikuwa nimejifunza. Tulirudi mvua za kwanza zikianza, na kwenye sengu nilisema, nikiwa nimekaa, kwa maneno machache yenye vituo vingi, kwamba Longino hakuwa na ugonjwa wowote na hata mimi sikuwa nao ule, na kwamba niliyasema kwa kuogopa kusemwa. Mzee mmoja akauliza kama basi Agnes ndiye aliyeonewa kuliko wote, nikasema ndiyo. Ilikuwa kazi, lakini wale ni wazee wenzangu, na walikuwa wananionea huruma kwa kovu langu. Kushuka ziwani sikushuka. Nilisema kwanza niende kliniki ya miezi mitatu. Nikaenda, nikaambiwa ni salama. Nikasema ngoja ya miezi sita. Nikaenda, salama. Safari hii Leokadia hakunifungia mkoba. Aliniuliza tu kama ninangoja kivuli kingine kiote ndipo niende.

Tukashuka mwezi wa sita. Nyumba yao iko juu kidogo ya mchanga, ya matofali ya kuchoma, nzuri kuliko yangu. Agnes alitupokea kama wageni wanavyopokewa, maji ya kunawa, viti, ugali na samaki mbichi. Hakusema lolote baya. Baada ya chakula Longino aliwaita watoto wanne wakaja kuketi mkekani. Oresta alikuja wa mwisho kutoka kwenye uchaga wa kuanika usipa, akijifuta magamba mikononi. Alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Posa yake ilikuwa imepokelewa tangu Pasaka, kwa kijana wa kijiji cha jirani.

Niliwaambia. Niliwaambia kwamba baba yao hakuwahi kuumwa, kwamba wao hawakuwahi kuwa na kitu cha kumwambukiza mtu, kwamba ugonjwa ulikuwa wangu peke yangu na nilipoambiwa hivyo niliogopa kusema. Pumzi ilikuwa inakatika kila baada ya maneno manne, matano, na wao walingoja kila mara mpaka niendelee. Wadogo walinitazama bega lililoshuka ndani ya shati.

Oresta ndiye aliyeuliza. "Baba mkubwa, ulijua lini?"

Nilitaka kumweleza kuhusu daktari na picha mbili dirishani na tope la barabarani. Nikasema, "Mwezi wa nne. Mwaka jana."

Niliona vidole vyake vikisogea mmojammoja kwenye goti, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Nilimfundisha mwenyewe kuhesabu hivyo, na nilikuwa namkataza tangu alipofika darasa la tatu.

"Mtihani ulikuwa wa tisa," alisema.

Ulikuwa wa tisa. Siku ile ya mtihani nilikuwa wodini, mto kifuani, nikiwataja wanafunzi wangu wa darasa la saba mmojammoja kwa majina na kuwaombea, na jina lake halikunijia. Nikamwambia ndiyo, ulikuwa wa tisa. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nitaongezewa samaki, kisha akarudi kwenye uchaga kugeuza usipa kabla jua halijashuka.